Mkanda wa kiunoni sio hanesi

Mafundi wengi saiti wanakwambia ukishafunga mkanda kiunoni na kamba ipo basi hata ghorofa ya 5 uko salama. Hapana jamani. Ukidondoka na ule mkanda, mshtuko wote unaishia tumboni na kwenye uti wa mgongo, wewe unakunjika katikati, na unaweza hata kuchomoka kabisa kwenye mkanda. Marekani waliupiga marufuku kwa kazi ya kudaka mtu anayeanguka tangu 1998, siku hizi wanauruhusu kwa kukushikilia tu pale ulipo.

Hanesi ya mwili mzima, yaani mikanda iliyounganishwa inayopita mapajani, kifuani na mabegani, inagawa ule mshtuko kwenye mapaja, nyonga, kifua na mabega, na ringi ya kudakia, ile pete ya kufungia kamba, inakaa mgongoni katikati ya mabega ili ubaki wima. Ukiichagua ivae kwanza, usinunue kwa macho: mkanda wa paja, kiganja kilichonyooka kipite ila ngumi isipite. Na wale wanaoacha mikanda ya mapajani wazi eti inabana, nawaomba sana ndugu zangu fungeni, maana ukianguka hanesi yote inapanda juu shingoni.