Mguso wa nyuso katika modeli za elementi finaiti: ni nini, na unawekwaje

Chora vipande viwili vya chuma kwenye programu ya simulesheni, kimoja juu ya kingine, vigawe kwa wavu wa elementi, kisha kisukume cha juu kiende chini. Kitazama ndani ya cha chini na kutokea upande wa pili bila upinzani wowote, na programu haitalalamika. Haina sababu ya kulalamika. Mbinu ya elementi finaiti hukata umbo kuwa vipande vidogo vinavyoungana kwenye nodi, yaani pointi za kuungania, na nguvu hupita kutoka elementi moja hadi nyingine kwenye nodi za pamoja. Vipande viwili visivyo na nodi ya pamoja havijuani, hata vikibanana vipi kwenye skrini.

Mguso ni maelezo unayoongeza ili vijuane. Unaiambia programu: uso huu na ule vinaweza kukutana, vikikutana visipitane, na vikisukumana vipeane nguvu.

Kimahesabu, maelezo hayo ni sharti lenye sehemu tatu. Mwanya kati ya nyuso mbili unaweza kuwa sifuri au zaidi, lakini hauwi hasi. Shinikizo kati yao husukuma tu, halivuti. Na kati ya hivyo viwili, kimoja lazima kiwe sifuri: penye mwanya hapana shinikizo, penye shinikizo hapana mwanya. Sharti hili linaitwa kwa jina la Antonio Signorini, Mwitalia aliyeliweka tatizo hilo mezani mwaka 1933. Uthibitisho kwamba lina jibu ulisubiri miaka kama 30, hadi Gaetano Fichera alipoutoa.

Sehemu ya tatu ndiyo inayoleta kazi. Ili solva, yaani sehemu ya programu inayotatua milinganyo, ijue ukakamavu wa mfumo mzima (jinsi unavyopinga kubonyea), inabidi ijue ni wapi nyuso zimegusana. Lakini ili ijue zimegusana wapi, inabidi iwe imeshapata jibu la jinsi vipande vilivyosogea. Basi inakisia, inatatua, inaangalia ni nodi zipi zimepenya na zipi zinavutwa, inarekebisha, inatatua tena. Ndiyo maana modeli yenye mguso si ya mstari, yaani jibu haliongezeki sawasawa na mzigo, hata kama chuma chenyewe hakijavuka kiwango cha unyumbufu, na ndiyo maana inachukua muda mrefu kuliko ulivyotegemea. Nodi ikifungwa katika mzunguko mmoja, ikafunguka katika unaofuata, kisha ikafungwa tena, hesabu inaweza kuyumba hivyo mpaka programu ikate tamaa.

Sharti likishajulikana, kuna njia mbili kuu za kulitekeleza. Ya kwanza ni mbinu ya adhabu: nodi inaruhusiwa kupenya kidogo, na kadiri inavyopenya ndivyo inavyosukumwa nje, kana kwamba kuna springi ngumu kati ya nyuso mbili. Ni rahisi na imara, ila lazima pawepo kupenya, kwa sababu bila kupenya springi haina nguvu. Ukiifanya springi kuwa ngumu mno, milinganyo inakuwa nyeti mno kwa makosa madogo ya namba na hesabu inakataa kutulia. Ukiifanya laini mno, vipande vinazamiana. Njia ya pili ni vizidishi vya Lagrange: shinikizo lenyewe linaingizwa kama namba ya kutafutwa, na kupenya kunakuwa sifuri kamili. Gharama yake ni milinganyo mingi zaidi, na ule uyumbaji wa kufunguka na kufungwa unakuwa mkali. Programu nyingi hutoa pia njia ya kati, Lagrange iliyoongezwa, inayoanza na springi kisha kurekebisha shinikizo hatua kwa hatua hadi kupenya kushuke chini ya kiwango ulichokubali.

Je, kupenya kiasi gani ni kudogo? Hapa watu wengi hutazama namba, wakaona mikromita moja, wakaridhika. Ichukue gololi ya feleji yenye nusu kipenyo cha milimita 10 ikikandamizwa kwa nguvu ya nyutoni 100 juu ya bapa la feleji. Jibu la tatizo hili tunalo tangu Heinrich Hertz mwaka 1882, na halihitaji kompyuta. Kwa feleji yenye moduli ya Young (kipimo cha ukakamavu wake) ya gigapaskali 210 na uwiano wa Poisson (jinsi inavyotanuka pembeni ikibanwa) wa 0.3, duara la mguso lina nusu kipenyo cha milimita 0.19 hivi, shinikizo la juu kabisa katikati yake ni karibu megapaskali 1,370, na gololi inalisogelea bapa kwa mikromita 3.5 tu. Mikromita moja ya kupenya hapo ni zaidi ya robo ya mwendo wote. Kinacholinganishwa na kupenya ni umbo linavyobonyea mahali pale pale, wala si ukubwa wa kipande.

Gololi hiyo hiyo inafundisha jambo jingine. Ukiwa na wavu wa elementi za milimita moja, ambao kwa kipande cha ukubwa huo unaonekana wa kutosha kabisa, duara zima la mguso linaingia ndani ya elementi moja. Shinikizo utakalosoma litakuwa la kubuni. Unahitaji elementi kadhaa ndani ya nusu kipenyo cha mguso, yaani ukubwa wa sehemu chache za mia za milimita, lakini hapo tu. Kwingine wavu unaweza kubaki mpana.

Kuna tatizo la wavu ambalo halitajwi sana, nalo linaharibu kazi nyingi: umbo la duara likigawanywa kwa elementi za kawaida linakuwa pembe nyingi. Chukua pini ya nusu kipenyo cha milimita 10 ndani ya tundu, na zote mbili uzigawe kwa elementi 24 kuzunguka. Katikati ya kila ubavu, mstari ulionyooka unaingia ndani ya duara halisi kwa milimita 0.086. Kama nafasi ya kweli kati ya pini na tundu ni milimita 0.05, basi kosa la wavu limeshinda nafasi yenyewe. Pini ikizungushwa kidogo ili kona zake zielekee mbavu za tundu, inaanza simulesheni ikiwa tayari imeng'ata ukuta. Kwa elementi 72 kosa hilo hushuka hadi milimita 0.0095, na elementi zenye nodi katikati ya mbavu hulipunguza zaidi. Programu nyingi pia zina kipengele cha kuzisogeza nodi mpaka ziguse uso kabla ya mzigo kuanza, bila kuhesabu mkazo wowote. Ni kitu kizuri, ila kinabadilisha jiometria yako kimyakimya. Kama kupishana huko kulikusudiwa, kwa mfano shafti iliyoingizwa kwa kubanwa, kipengele hicho kitafuta tatizo lote ulilotaka kulihesabu.

Unapounda jozi ya mguso, uso mmoja unakuwa mkuu na mwingine mfuasi. Majina hutofautiana kati ya programu na programu, kazi ni ile ile. Katika aina ya zamani, ya nodi kwa uso, nodi za mfuasi ndizo zinazokaguliwa zisipenye mkuu; nodi za mkuu hakuna anayezikagua, kwa hiyo zinaweza kuchomoza ndani ya mfuasi bila kosa lolote kuripotiwa. Ndiyo sababu ya desturi ya kumpa ufuasi kipande chenye wavu mwembamba au kilicho laini zaidi, na ukuu kipande kigumu au chenye wavu mpana. Aina ya uso kwa uso hupima kupenya kwa wastani juu ya eneo, hivyo husamehe makosa ya kuchagua, na shinikizo lake ni laini zaidi. Leo sioni sababu kubwa ya kuanza na aina ya zamani, isipokuwa pale kona au ncha inapogusa uso. Kwa elementi za ganda, zinazowakilisha bamba jembamba, kuna tahadhari ya ziada: hakikisha pande zao zinatazamana, maana ganda lenye uso uliogeuzwa linaweza kuona mguso upande usiofaa.

Kisha kuna swali la tabia. Mguso wa kuunganishwa unafanya nyuso mbili kuwa kitu kimoja: hazitengani wala hazitelezi. Ni wa mstari, ni wa haraka, na karibu kila mara unakubali kutatuliwa, jambo linaloufanya utumiwe hata usipostahili. Mabano mawili yaliyofungwa kwa boliti, yakiunganishwa uso mzima, yanabeba mvuto mahali ambapo kiuhalisia yangeachana. Muundo unaonekana mgumu kuliko ulivyo, na boliti zinaonekana hazina kazi. Kwa weldi au gundi iliyo nzima, sawa. Kwa kitu kinachoweza kufunguka, mguso wa kawaida ndio jibu, hata kama utakugharimu saa za ziada.

Msuguano huongeza ugumu mwingine. Kanuni ya Coulomb inasema nyuso hazitelezi mpaka nguvu ya pembeni ifikie zao la kizigeu cha msuguano na nguvu inayozikandamiza, na badiliko hilo la ghafla solva hailipendi. Kwa hiyo programu huruhusu mtelezo mdogo sana wa kinyumbufu kabla ya mtelezo wa kweli. Wakati wa kuteleza, matriksi ya ukakamavu (jedwali la namba ambalo solva hulitatua) hupoteza ulinganifu wake, na kwa kizigeu kikubwa inafaa kuiamuru solva iheshimu hali hiyo, la sivyo hesabu itajikokota. Anza bila msuguano uone modeli inatulia, kisha uuingize. Lakini kumbuka kwamba wakati mwingine msuguano ndio pekee unaokizuia kipande kisiteleze kwenda zake, na hapo kuuondoa kunaleta tatizo jipya.

Tatizo hilo ndilo linalowakumba wengi siku ya kwanza. Kipande kinachoshikiliwa na mguso peke yake, kikianza na mwanya hata wa sehemu moja ya elfu ya milimita, hakishikwi na kitu. Ukikiwekea mzigo wa nguvu, solva inakuta hakuna ukakamavu wowote unaokipinga, matriksi haina kinyume, na ujumbe unaotokea huwa unazungumzia pivoti ya sifuri (namba ya kugawia iliyo sifuri) au mwendo wa mwili mzima. Dawa iliyo safi ni kuanza kwa kukisogeza kwa uhamisho uliopangwa, mpaka mguso ufunge, kisha katika hatua inayofuata kubadilisha uhamisho kuwa nguvu. Springi dhaifu au kizuizi cha mwendo kinachowekwa kwa muda mfupi tu navyo hufanya kazi, mradi uangalie mwishoni kwamba nguvu vinayobeba ni ndogo sana mbele ya mzigo.

Na hesabu ikikubali, bado hujamaliza. Jumlisha nguvu za mguso uzilinganishe na mzigo ulioweka. Zisipolingana, kuna njia nyingine nguvu inapopita. Tazama ramani ya shinikizo: madoa ya juu na chini yanayopishana kutoka nodi moja hadi jirani yake ni dalili ya wavu mpana au nyuso zisizolingana, wala si fizikia. Ongeza ukakamavu wa adhabu mara kumi uone kama jibu linabaki pale pale. Katika simulesheni za mgongano, zinazokokotoa kwa hatua ndogo sana za muda bila kutafuta mizania, jaribio hilo linaweza kukulazimisha kupunguza hatua yenyewe, kwa sababu springi ngumu juu ya nodi nyepesi hufupisha muda ambao hesabu inabaki imara. Huko kitu cha kwanza kukagua ni nishati ya mtelezo, yaani nishati inayohesabiwa kwenye nyuso zinazogusana: ikishuka chini ya sifuri kwa kiasi kinachoonekana, nyuso fulani zilianza zikiwa zimepishana, au nodi imenaswa upande wa pili wa ganda, na jozi hiyo ndiyo ya kurudia kabla ya kusoma matokeo mengine yoyote.