Cava: mvinyo ulioazima jina la handaki

Kwa Kikatalani na Kihispania, "cava" ni chumba cha chini ya ardhi cha kulazia mvinyo. Siku hizi ni jina la mvinyo wenyewe: ule wa Hispania wenye mapovu, ambao sehemu kubwa hutoka Penedès, Catalonia. Mwaka 1872 Josep Raventós wa Codorníu, nyumba ya kutengeneza mvinyo, aliutengeneza kwa mbinu ya Champagne, eneo la Ufaransa, na kwa muda mrefu wenyeji wakauita shampeni. Wafaransa walipolipigania jina lao, ikabidi litafutwe jingine. Kwa maoni yangu wenyeji walichagua vizuri mno, maana mvinyo huu hauwekwi tu handakini. Mapovu yake huzaliwa humo.

Juisi ya zabibu huchachuka kwanza ikawa mvinyo wa kawaida, usio na povu. Unatiwa chupani pamoja na sukari kidogo na chachu, jamaa ya hamira ya maandazi, kisha chupa inafungwa. Chachu inakula sukari na kutoa gesi, ile ile ya kwenye soda, na kwa kuwa haina pa kutokea inayeyuka ndani ya mvinyo. Msukumo wake hufika mara tano au sita ya ule wa hewa ya nje, ndiyo sababu chupa ya cava ni nene na nzito mkononi.

Baridi ya handaki haibadiliki, iwe kiangazi au kipupwe, hivyo kazi hii huenda polepole. Chupa hulala miezi 9 kwa uchache. Iliyoandikwa Reserva miezi 18, na Gran Reserva miezi 30. Chachu ikishakufa huuachia mvinyo harufu ya mkate uliotoka tanurini.

Ukitembelea handaki, mwombe mwenyeji wako ainue chupa mbele ya taa. Utaona mashapo ya chachu hiyo yamelala ubavuni kama mstari wa unga. Ili yatoke, chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kidogo kwa siku nyingi, zamani kwa mkono, sasa mara nyingi kwa mashine, mpaka yote yakusanyike shingoni. Shingo inagandishwa, kizibo kinafunguliwa, na gesi inalirusha nje donge la barafu lenye uchafu wote.

Mji wa kwenda ni Sant Sadurní d'Anoia, chini ya saa moja kwa treni kutoka Barcelona. Weka nafasi mapema, na nyumba mbili kwa siku zinatosha. Ya tatu ulimi umeshachoka. Kula kwanza. Kutema baada ya kuonja si utovu wa adabu, vyombo vya kutemea vimewekwa kwa ajili hiyo. Anza na brut nature, isiyoongezwa sukari mwishoni. Kwenye hiyo hakuna utamu wa kuficha kitu, na ile harufu ya mkate utaikuta wazi.