Skii Juu ya Mita 8,000: Hewa Imekonda, Theluji Imejaa

Tangu Septemba 2025, swali ninaloulizwa sana na waongozaji wa Kilimanjaro halihusu Kilimanjaro. Wananisogezea simu nione: mtu mmoja, miguu imefungwa kwenye mbao mbili nyembamba, anakata kona kwenye mteremko mweupe uliosimama kama paa la kanisa, mawingu yakiwa chini yake. "Daktari, huyu anapumua nini?"

Huyo ni Andrzej Bargiel wa Poland. Tarehe 22 Septemba 2025 alifika kilele cha Everest, mita 8,849, bila chupa ya oksijeni, akafunga skii zake na kuanza kushuka. Giza likamkuta Kambi ya 2, akalala pale, asubuhi akamalizia hadi kambi ya chini kabisa. Kabla yake hakuna aliyewahi kushuka mlima ule wote kwa skii akitegemea mapafu yake tu.

Jibu langu la haraka ni kwamba anapumua hewa ileile ya mji wa Moshi, ila imekonda. Wengi hudhani huko juu oksijeni inaisha. Haiishi, ni asilimia 21 ya hewa pale Tanga ufukweni, na ni asilimia 21 juu ya Everest. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, yaani ile nguvu inayoisukuma oksijeni itoke kwenye mapafu iingie kwenye damu. Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, mgandamizo umebaki kama nusu ya ule wa Dar es Salaam. Kilele cha Everest umebaki kama thuluthi moja. Vuta pumzi tatu kule, upate oksijeni ya pumzi moja ya pwani, na hapo umesimama tu, hujapiga hatua.

Mwaka 2007 kundi la madaktari kutoka Uingereza lilipanda Everest kwenda kulipima jambo hili. Wakiwa wanashuka kutoka kileleni, kwenye mita 8,400, wanne kati yao walifungua zipu za suti zao nzito, wakachomwa sindano kwenye mshipa wa kinena, damu ikavutwa palepale kwenye baridi. Msherpa, mmoja wa wenyeji wa Nepal wanaosaidia wapandaji, akazishusha sampuli mbio hadi maabara ndogo iliyowekwa mita 6,400. Wastani wa mgandamizo wa oksijeni katika damu ile ulikuwa milimita 24.6 za zebaki, na mmoja wao alikuwa na 19.1. Mtu mzima mwenye afya huku chini ana kati ya 80 na 100. Mgonjwa akiletwa mapokezi na namba kama 19, sisi tunakimbilia mashine ya kupumulia kwanza, maswali yatafuata. Huyu wa Everest alikuwa amesimama kwa miguu yake, anaongea.

Aliweza kusimama kwa sababu mwili uliopandishwa polepole, kwa wiki kadhaa, hujipanga upya: pumzi zinaongezeka, damu inajaa chembe nyekundu. Lakini mpango huo una ukomo. Ukishapita mita 8,000 hivi mwili hauzoei tena, unajila wenyewe. Usingizi hauji, chakula hakishuki, misuli inapukutika. Wapanda milima hupaita eneo la kifo, na safari hii sina ugomvi na lugha yao ya kutisha. Bargiel alikaa humo kama saa 16.

Wasomaji wengi huwaza mapafu. Mimi nawaza ubongo. Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa mtalii aliyeshushwa kwa ile machela ya gurudumu moja. Kijana wa watu, msafi, anaongea kwa mpangilio. Akaniambia hana tatizo lolote, waongozaji wamemharibia safari bure. Nikamwomba atembee kwenye mstari wa vigae, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya tatu akadaka ukuta. Akacheka, akasema sakafu inateleza. Sakafu ilikuwa kavu. Ubongo wake ulikuwa umeanza kuvimba kwa kukosa oksijeni, na ubongo huohuo ndio uliokuwa unanihakikishia kuwa mambo yako shwari. Yule alitoka Kibo tu, kilele chetu cha Kilimanjaro. Sasa mpandishe mita 3,000 zaidi, mfunge skii, halafu mwachie yeye mwenyewe aamue kama mteremko unafaa.

Hata hivyo nisiwafanye watu hawa vichaa, maana hesabu yao ina mantiki. Tiba ya ugonjwa wa mwinuko inayoshinda dawa zote tulizonazo kabatini ni kushuka, na skii inashuka haraka kuliko miguu. Davo Karničar wa Slovenia, tarehe 7 Oktoba 2000, alitoka kilele cha Everest hadi kambi ya chini kwa saa 4 na dakika 40 hivi, akiwa wa kwanza kuushuka mlima ule wote bila kuvua skii. Anayeshuka kwa miguu hulala njiani. Tatizo ni kwamba skii hazifupishi kupanda, na bei yote ya mwili hulipwa kwenye kupanda. Unafika juu misuli imekwisha, halafu ndipo kazi inayohitaji ustadi inaanza.

Tazama kona moja tu inavyokatwa. Mteremko una nyuzi 45, pengine 50. Ukinyoosha mkono unagusa theluji ya upande wa juu. Mtelezaji anasimama kiubavu, uzito wake wote umekaa kwenye kingo mbili za chuma zenye unene wa kisu cha jikoni. Anachuchumaa kidogo, anaruka skii zote mbili zing'oke, anazigeuza hewani zielekee upande wa pili, anatua. Huku chini kijana mwenye mazoezi atakata kona kama hizo mfululizo, moja baada ya nyingine. Juu ya mita 8,000 anakata chache, anaegemea fimbo zake, anahema kama aliyetoka kuzama. Kingo zikikosa kushika mara moja tu, hakuna kamba nyuma yake. Suti ya nailoni juu ya theluji ngumu haina breki.

Yuichiro Miura wa Japani alijaribu kujitengenezea breki. Mei 1970 aliteremka Everest kuanzia kwenye tandiko la kusini (South Col, bonde la juu kati ya Everest na mlima jirani wa Lhotse), karibu mita 8,000, akiwa na parachuti mgongoni ya kumpunguzia kasi. Upepo haukuwa na mpangilio, parachuti haikumsaidia sana, akaanguka, akaburuzwa kama mita 400 na kukwama karibu na mdomo wa ufa mkubwa wa barafu. Alinusurika. Mwaka 2013 alirudi akafika kilele chenyewe akiwa na miaka 80, na dunia ikampigia makofi. Washerpa sita waliokuwa wakiibebea mizigo safari ile ya 1970 hawakuufikia mwaka 2013, wala hawakuumaliza mwezi ule wa Aprili: barafu iliwaangukia kwenye maporomoko ya barafu ya Khumbu, chini ya njia ya kupandia, kabla Miura hajafunga skii. Ninyi wagumu, wapagazi wa Kilimanjaro, mnaosoma hapa mnaijua hesabu hii bila kuelezwa. Ndoto ina jina la mtu mmoja. Mgongo uliobeba gesi, kamba na mahema una majina mengine. Naona ajabu kwamba bado tunaandika habari za milima kana kwamba mtu alipanda peke yake.

Sasa theluji. Hapa ndipo skii inapotofautiana kabisa na upandaji wa kawaida. Wapandaji wengi wa Everest huchagua mwezi Mei, kabla ya mvua za monsuni. Mtelezaji akienda Mei mara nyingi anakuta miamba na barafu ngumu kama kioo, hapateleziki vizuri. Kwa hiyo husubiri monsuni imalizike, Septemba na Oktoba, mlima ukiwa umefunikwa upya. Anachokihitaji ni kile ambacho mwenzake anakikimbia. Theluji mpya hulala kwa matabaka, na tabaka zito likikaa juu ya tabaka legevu ni kama ubao uliolazwa juu ya mtama: unatulia hadi mtu aukanyage. Miteremko hatari zaidi kwa mporomoko ni ya nyuzi 30 hadi 45, ambayo ndiyo mizuri kwa skii.

Rekodi za majira hayo zinasomeka hivi. Oktoba 1999, kwenye mlima Shishapangma huko Tibet, mporomoko uliwaua Wamarekani Alex Lowe na David Bridges, waliokwenda kushuka mlima ule kwa skii. Septemba 2012, kwenye mlima Manaslu huko Nepal, theluji ilifunika mahema usiku watu wakiwa wamelala. Walikufa 11, wakiwemo Wafaransa waliobeba skii. Septemba 26, 2022, Manaslu tena: Hilaree Nelson wa Marekani, aliyekuwa wa kwanza kushuka Lhotse kwa skii kutoka kileleni mwaka 2018 pamoja na mwenzake Jim Morrison, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kushuka. Mporomoko mdogo, si ule wa kutikisa bonde, ulimchukua miguu na kumtupa upande wa pili wa mlima. Siku hiyohiyo, chini zaidi, mporomoko mwingine ulimuua Mnepali aliyekuwa kwenye mlima uleule.

Watu huniuliza kuhusu vile vifaa vya kutoa ishara chini ya theluji na mifuko ya hewa. Vinasaidia, kwenye milima ya Ulaya, pale ambapo wenzako wanaweza kukufukua ndani ya dakika kumi au kumi na tano. Baada ya hapo aliyefukiwa huwa anakosa hewa na nafasi yake ya kupona inaporomoka haraka. Himalaya mtu huanguka kwanza, mamia ya mita, na kifaa hakizuii kuanguka.

Kuna kisa kimoja ninachowasimulia waongozaji kila mwaka. Marco Siffredi, Mfaransa wa miaka 23, alikuwa amekwishashuka Everest mwaka 2001 kwa ubao mmoja wa theluji. Alirudi Septemba 2002 akitaka korongo la Hornbein upande wa kaskazini, njia iliyonyooka zaidi. Tarehe 8 walipanda kwa saa nyingi kwenye theluji iliyowazamisha. Alifika juu mchana umeshakwenda, amechoka, na Washerpa waliokuwa naye wakamshauri asishuke siku ile. Akashuka. Hakuonekana tena. Mimi sioni kuwa alikosa ujasiri wala ufundi. Naona mstari wa vigae.

Oktoba 2025 Jim Morrison alilishuka korongo hilohilo, kwa saa zaidi ya nne, baada ya kuacha kileleni majivu ya Hilaree. Nimeitazama picha yake mara kadhaa na bado sijui niseme nini kama daktari.

Kuhusu Bargiel naweza kusema kitu ambacho video hazikionyeshi. Alishawahi kwenda Everest kwa kazi hiyohiyo mara mbili na kurudi mikono mitupu. Mwaka 2019 kulikuwa na bonge la barafu lenye ukubwa wa jengo likining'inia juu ya maporomoko ya Khumbu. Akalitazama, akafunga mizigo. Mwaka 2022 upepo ulimkataza. Maamuzi yote mawili aliyafanya kichwa chake kikiwa bado kina oksijeni. Na siku aliyofanikiwa, kaka yake alikuwa chini akirusha droni na kumwelekeza pa kupita kati ya nyufa: yaani alikopa ubongo wa mtu aliyeko kwenye hewa nzito. Hilo hata mgumu wa Kibo anaweza kulifanya bila droni. Mteja akisema yuko sawa, mwambie atembee kwenye mstari, na usichukue jibu lake, chukua miguu yake. Akiyumba, anashuka usiku huohuo, hata kama amelipa na Uhuru inaonekana.

Wiki iliyopita mwongozaji mmoja kijana aliniuliza kama Kibo nayo inashukika kwa skii. Nikamwambia kaka, umechelewa. Karničar aliipitia alipokuwa akimaliza vilele virefu zaidi vya mabara saba, na mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walikuwa tayari wamefika na skii huko juu. Ile barafu iliyo karibu na Crater Camp, kambi ya ndani ya kreta ya Kibo, ambayo wateja hupigia picha na kila mwaka mnaikuta imepungua, ina jina la huyo Furtwängler. Leo ukienda na skii zako, siku nyingi za mwaka utazipandisha begani na kuzishusha begani.