Kipaumbele: Mbele ya Nini?

Juzi nimelisikia tena neno hili, safari hii kwenye mkutano wa kartie (mtaa), katika mojawapo ya komini saba, yaani manispaa, za Lubumbashi (sitaitaja, maana ndiko ninakolala). Mheshimiwa konseye, diwani wetu, alisimama kando ya ubao, chaki mkononi, akatangaza: “Ba papa na ba mama, tuko na ba priorite kumi na ine,” yaani vipaumbele kumi na vinne. Akaanza kuziandika moja moja. Alipofika ya tisa ubao ukajaa. Akafuta ya kwanza kwa kiganja ili ya kumi ipate pa kukaa. Ya kwanza ilikuwa kanivo, mfereji wa maji ya mvua. Watu wakapiga makofi.

Kipaumbele ni jambo linalotangulizwa kuliko jingine pale ambapo fedha, muda au mikono haitoshi kufanya yote. Maana yake ni hiyo tu. Kinachonikera ni mahali neno lilipotoka, kwa sababu wanaolitumia kila siku ndio wanaolisahau.

Livunje: ki-pa-umbele. Ndani yake kuna kitenzi “pa”, kile cha kumpa mtu kitu, na kuna “umbele”, yaani hali ya kuwa mbele. Hakuna sehemu ya neno hilo inayosema “muhimu”. Hakuna inayosema “kizuri”, wala “tunakitaka sana”. Linataja nafasi kwenye foleni, basi. Dawa za zahanati ni muhimu, taa za barabarani ni muhimu, soko lenye paa ni muhimu. Umuhimu unaweza kukaa kwa vitu mia bila kugombana. Umbele hauwezi. Ukimpa mmoja, umemnyima mwingine.

Sisi wa huku Katanga ndio tungepaswa kulielewa upesi kuliko wote. Waswahili wa pwani husema “kabla ya kula”. Mama yangu hakuwahi kusema hivyo hata siku moja. Alisema “mbele ya kula, nawa mikono”. Kwetu “mbele ya” ndiyo “kabla ya”, na huwezi kuitamka ukaiacha ikining’inia. Mtoto akikwambia “nitafika mbele ya”, utamngoja amalize: mbele ya nini? Mbele ya mvua? Mbele ya papa kurudi kazini? Neno linadai vitu viwili, kinachotangulia na kinachongoja. Sasa sikiliza hotuba zetu: “Barabara ni kipaumbele.” Nukta. Kinachongoja hakitajwi kamwe, maana kukitaja ni kuudhi watu fulani, na watu hao wana kura.

Wenye kupenda Kifaransa wasidhani “priorite” itawaokoa. Mzizi wake ni “prior” ya Kilatini, nalo ni neno la kulinganisha, la kusema huyu ametangulia kuliko yule. Dereva wa taxi-bus analijua hilo bila Kilatini. Akifika njia panda anauliza nani apite kwanza, na wanne wakijibu “mimi” kwa pamoja hakuna anayepita, mnabaki na honi.

Kiswahili kina neno jingine kwenye ukoo huohuo wa “mbele”, nalo ni kimbelembele: tabia ya mtu anayejitanguliza pasipo kuitwa, anayeshika kipaza sauti kwenye matanga ya watu asiowajua. Mengi yanayoitwa vipaumbele kwenye mikutano yetu ni kimbelembele tu. Mradi umejisogeza mwanzo wa orodha kwa sababu una mtu wake, au kwa sababu unapendeza kwenye picha.

Hili lingekuwa ugomvi wa walimu wa lugha kama lisingegusa kazi yenyewe ya baraza. Kwa Katiba ya Kongo ya 2006, mji na komini ni maeneo yenye madaraka yake, na sheria ya 7 Oktoba 2008 ikavipa vyote viwili baraza pamoja na kamati ya utendaji. Makonseye wa komini tuliwapigia kura 20 Desemba 2023; wale wa baraza la mji huchaguliwa na makonseye wa komini. Meya au mkuu wa komini hupendekeza, baraza hujadili na kuipitisha bajeti. Hapo kwenye bajeti ndipo kipaumbele kinapozaliwa. Hotuba haikizai. Kitu kisicho na mstari wa franka ndani ya bajeti ni haja, ni ndoto, au ni ahadi. Vyote vina majina yao na si matusi.

Tena kuna vitu ambavyo baraza haliwezi hata kuvipanga kwenye foleni yake. Umeme uko mikononi mwa SNEL na maji mikononi mwa REGIDESO, kampuni za Serikali ya Kinshasa. Konseye anaweza kupiga kelele kwa niaba yetu, na apige. Lakini akiandika “umeme” namba mbili kwenye ubao wa komini, anatanguliza kitu ambacho si chake kutanguliza. Soko la komini, usafi na mifereji ndivyo vilivyo karibu na mkono wake. Kwenye orodha ya mkutano ule soko lilikuwa la kumi na mbili, na akina mama wanaolipa kodi ya meza pale walikuwa wamekaa safu ya pili.

Nirudi kwenye kanivo iliyofutwa. Hapa kwetu mvua hukaza kuanzia Novemba hadi Machi. Kanivo ikizibuliwa Septemba, udongo mwekundu ukiwa bado mkavu na unachoteka kwa koleo, hapo imewekwa mbele: mbele ya mvua, na pengine mbele ya kupaka rangi ofisi. Ikizibuliwa Januari, maji yakiwa yameshaingia vyumbani na magodoro yako juu ya bati, hiyo ni kazi ya dharura. Ni kazi njema, ila kipaumbele kilishapita.

Sina shida na wingi wa neno lenyewe. Sarufi inaruhusu vipaumbele, na baraza linaweza kuwa navyo viwili, hata vitatu, mradi lijue kipi kinamngoja mwenzake. Wala konseye wetu si mtu mbaya. Aliandika kwa hati nzuri na alitusikiliza wote. Mkutano ujao nitawahi benchi la mbele, ninyooshe mkono, nimuulize kwa heshima: “Papa konseye, ile kanivo, ni mbele ya nini?”