Ramani Iliyo Kichwani mwa Mkazi Ndiyo Kipimo cha Mji Janja

Tangu operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, ambapo nyumba zilibandikwa namba na taarifa zake kuingizwa katika NaPA, mfumo wa kidijitali wa anwani za makazi wa taifa, wakazi wengi wa Dar es Salaam wametuuliza sisi maofisa mipango miji kwa nini bado tunapita mitaani tukiwaomba wachore ramani kwa penseli. Mfumo unatueleza nyumba ilipo. Hautuelezi mkazi anaufahamuje mji wake, na pengo lililopo kati ya hayo mawili ndilo tunalolipima.

Mwaka 1960 Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji wa Marekani aliyewachunguza wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles, alionyesha kwamba watu huuweka mji akilini kwa njia, kingo, maeneo, makutano na alama, yaani vitu vinavyotambulisha mahali. Kwetu alama ndizo zinazotawala. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, vituo vya Barabara ya Morogoro vilibeba majina yaliyokuwa midomoni mwa watu, kama Bucha, Baruti na Magomeni Mapipa, na huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko mitambo mingi ninayoijua.

Katika zoezi letu la kuchora, mshiriki hupewa karatasi moja ya A3 na dakika 20, simu ikiwa imewekwa kando. Msaidizi huandika namba kwenye kila kitu kwa mfuatano wa kuchorwa kwake. Mchoro hupewa namba badala ya jina, na fomu ya ridhaa husainiwa nakala mbili, moja ikibaki kwa mshiriki. Baadaye kikundi cha washiriki huandika sababu na matokeo kwenye vikaratasi, mathalani taa za barabarani, mafuriko na nauli, kisha huviunganisha kwa mishale na kukubaliana uzito wa kila mshale, kuanzia -1 (sababu inapunguza sana matokeo) hadi 1 (inayaongeza sana).

Mama mmoja wa Tandale alianza na Mto Ng'ombe, akauchora mpana kuliko barabara. Kutoka nyumbani kwake hadi eneo la Kwa Mtogole alichora njia mbili: moja ya kiangazi, nyingine ya masika, inayozunguka mbali. Ramani yetu ya kompyuta ilikuwa na njia moja tu, ile ambayo maji yakijaa haipitiki.

Naomba tuelewane: mchoro huu si upimaji wa ardhi. Haukupi hati, hauthibitishi mpaka, na hakuna nyumba itakayowekewa alama ya X kwa sababu mwenyewe alichora mfereji nyuma yake. Tumelieleza hili katika kila mkutano wa mtaa, na bado wapo wanaochora nyumba ya jirani badala ya yao. Mchoro wa namna hiyo unatupotosha wote. Vilevile, mji hauwi janja, yaani unaotumia teknolojia kuwahudumia wakazi wake, kwa kufungiwa kamera tu bila kujua wakazi hao wanaufahamuje.

Taarifa zenu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 1, 2023. Mtu anayefichua taarifa binafsi kinyume cha sheria hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 20, kufungwa kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini hufikia shilingi bilioni 5. Anayetaka mchoro wake uondolewe alete nakala yake ya fomu, kwa kuwa bila namba iliyo kwenye fomu hiyo hatuwezi kuutambua mchoro huo miongoni mwa mingine.