Kiasi cha bima ya nyumba: utaje shilingi ngapi?

Ukienda kukata bima ya nyumba, wakala atakuuliza mengi: iko mtaa gani, kuta ni za tofali gani, imeezekwa kwa nini, nani anaishi humo. Swali zito kuliko yote ndilo watu hulijibu kwa haraka: nyumba ina thamani gani? Jibu lako ndilo linaloandikwa kwenye mkataba kama kiasi cha bima. Hicho ndicho kikomo cha fidia, na hata nyumba ikiteketea yote kampuni haivuki hapo. Ada unayolipa kila mwaka nayo hutozwa kwa asilimia ya kiasi hicho hicho.

Hapa Dodoma mtu akiulizwa hivyo hutaja bei ambayo angeiuzia nyumba. Bei hiyo ina kiwanja ndani yake, na tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, viwanja vimepanda bei mno. Nyumba mbili za ramani moja, moja Ilazo na nyingine Nala, zinaweza kupishana sana sokoni ilhali idadi ya tofali na mifuko ya saruji ni ileile. Kiwanja hakiungui. Unachokatia bima ni jengo, kwa hiyo jiulize: nyumba hii ikianguka leo, nitatumia kiasi gani kuisimamisha tena ilivyokuwa?

Wengine hurudi kwenye daftari la matumizi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunajenga kidogo kidogo: msingi mwaka huu, boma mwakani, kupaua baada ya mkopo wa kazini, vigae na jipsamu pale hela inapopatikana. Ukijumlisha risiti hizo unapata bei za miaka mingi zilizochanganyika, nyingi zimeshapitwa. Nyumba ikiungua hutapewa miaka minane ya kujenga upya taratibu. Utanunua nondo, bati na saruji kwa mkupuo, kwa bei ya siku hiyo, na fundi utamlipa kwa bei ya sasa ya Dodoma. Kabla ya hapo kuna kubomoa kuta zilizopasuka, kusomba kifusi, kuchorewa ramani na kufuatilia kibali cha ujenzi. Hayo yote ni gharama, na yanapaswa kuwemo.

Tuseme nyumba ina mita za mraba 130, na kwa ubora wake kujenga mita moja leo ni shilingi 800,000. Hiyo ni milioni 104. Ongeza milioni 10 za uzio na tanki la maji, na milioni 6 za kifusi, ramani na kibali. Jumla ni milioni 120. Bei ya mita moja usiibuni. Muulize jirani aliyemaliza kujenga karibuni, au mlipe mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa akupigie hesabu. Kwa nyumba ya ghorofa au yenye paa la kujificha, maarufu kama msauzi, mimi ningemlipa mkadiriaji bila kusita. Samani, friji na televisheni havihesabiwi humo, vina kiasi chao.

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza familia nyingi. Mwenye nyumba hiyo anaona milioni 120 ni nyingi, anaandika 80 ili ada ipungue. Anajiambia kwamba nyumba haiwezi kuungua yote, na hasara ndogo milioni 80 zitaitosha. Mvua za Desemba zinakuja na upepo, paa linaezuliwa, dari na nyaya za umeme vinaharibika: hasara ni milioni 30. Anategemea milioni 30. Lakini mikataba mingi ya bima ya mali ina kipengele cha wastani. Kampuni itasema: ulikatia bima theluthi mbili ya thamani, basi tunabeba theluthi mbili ya hasara. Atapata milioni 20, na bado kuna ile sehemu ya mwanzo ya hasara ambayo mkataba humwachia mteja ajilipie. Milioni 10 na ushee atazitafuta mwenyewe, mvua ikiendelea kunyesha.

Na aliokoa nini? Kama ada ni asilimia 0.2 kwa mfano, bima ya milioni 80 ni shilingi 160,000 kwa mwaka na ya milioni 120 ni 240,000, kabla ya kodi. Alikwepa shilingi 80,000. Ndiyo maana nasema, ukibanwa na hela, usiishushe thamani ya nyumba. Afadhali uombe mkataba ambao ile sehemu unayojilipia ni kubwa kidogo, ada itashuka na bima itabaki kamili.

Kuzidisha nako hakuna faida. Ukiandika milioni 200 kwa nyumba ya 120, utalipia ada ya 200 na fidia itaishia kwenye hasara halisi.

Wenye mikopo ya benki wawe makini. Benki ikidai bima, jicho lake liko kwenye deni. Kama unadaiwa milioni 60 na bima imeandikwa milioni 60, nyumba ikiteketea benki ndiyo itakayolipwa kwanza, nawe utabaki na kiwanja chenye majivu. Omba nakala ya mkataba uone kiasi kilichoandikwa.

Kabla ya kusaini, uliza mambo mawili. Je, fidia ni ya kujenga upya kwa vifaa vipya, au watakata uchakavu? Bati la miaka 15 likikatwa uchakavu, utakachopata hakitanunua bati jipya. Pili, je, mafuriko na tetemeko la ardhi vimo? Kanda hii imepitiwa na Bonde la Ufa na mitetemo tunaijua.

Kiasi hicho kipitie upya kila bima inapoisha, hasa ukiwa umeongeza chumba au umebadilisha paa. Kampuni ikikulipa pungufu na hukubaliani na hesabu yake, idai ikupe hesabu hiyo kwa maandishi; kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma.