Je, wajua kwa nini pikipiki ya kilo 120 inaanguka kwenye jeki ya tani 2?

Ile jeki ndogo ya gari, ya magurudumu, imeandikwa kabisa ubavuni tani 2. Pikipiki ya kawaida ya boda, iwe Boxer au TVS, ina kilo 120 hivi. Kwa hesabu ya haraka jeki hiyo ingebeba pikipiki kumi na kitu kwa mpigo, na bado kila siku mtu anaisukumia chini ya injini, anapampu, tairi linaachia ardhi kidogo tu, halafu pikipiki hiyoo inalala upande, saitimira imekatika, levya ya klachi imepinda, na ukiwa umechuchumaa upande huo basi mguu wako ndo uko chini yake.

Tatizo sio uzito kabisa. Gari ukiliinua kona moja, matairi mengine yanabaki chini yanalishikilia. Pikipiki ukiiinua katikati inabaki imekaa juu ya kile kisahani cha jeki peke yake, na kisahani chenyewe upana wake ni kama sentimita 10. Sasa fanya hesabu. Kila kitu kina kitovu cha uzito, yaani pale ambapo ni kama uzito wote umekusanyika, na kwa pikipiki nyingi kitovu hicho kiko juu ya injini, chini kidogo ya tangi. Tuseme kiko sentimita 25 juu ya pale jeki ilipogusa. Kutoka katikati ya kisahani mpaka ukingoni ni sentimita 5 tu. Ina maana pikipiki ikiinama nyuzi 11 hivi, uzito umeshatoka nje ya kisahani na hapo hakuna cha kuizuia. Nyuzi 11 ni kidogo mno, ukivuta spana kwa nguvu kwenye nati ya ekseli umeshafika. Lakini ukiwa na jeki yenye bamba la upana wa sentimita 30, hesabu ileile inakupa nyuzi 30 na ushee, pikipiki ileile, uzito uleule. Ndo maana nasema ile namba ya tani kwenye stika ni kitu cha mwisho kuangalia.

Kuna sababu ya pili ambayo wengi hawaijui. Mkono wa jeki ya magurudumu haupandi wima, unapanda kwa upinde, kwa hiyo kisahani kadiri kinavyopanda kinasogea pia mbele au nyuma kidogo. Jeki imewekewa magurudumu ili yenyewe ijisogeze kufidia huo mwendo. Kwenye sakafu ya gereji yenye simenti laini inajisogeza vizuri, lakini uani kwako kwenye udongo, kokoto au pevingi zilizoachana, vigurudumu vinakwama, na jeki ikishindwa kusogea inaivuta pikipiki badala yake. Kama umeiingiza kwa ubavu, maana yake inaivuta kuelekea upande, yaani jeki yenyewe ndo inaiangusha na wewe unapampu tu unashangaa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue kifaa gani cha kuinulia pikipiki nyumbani, namwambia kwanza lala chini uitazame pikipiki yako tumboni. Nasema kweli kabisa, chukua tochi ulale. Kuna pikipiki ambazo mabomba ya fremu yanapita chini ya injini, kushoto na kulia, hizo ni rahisi, unainua kwa mabomba hayo. Kuna nyingine fremu inaishia mbele na nyuma ya injini na injini yenyewe ndo iko chini kabisa, alumini tupu, na katikati yake kuna bolti ya kumwagia oili, na pembeni bomba la ekzosi linapita. Ukiweka chuma juu ya alumini hapo na uzito wote ukakaa sehemu ndogo, unaweza kupasua kava la injini, na mpasuko wa kava ni oili kuvuja na gharama ambayo ingekununulia stendi nzuri tatu. Kama yako ni ya hivyo unatafuta kifaa ambacho hakigusi injini kabisa, au unaweka ubao mnene mpana juu ya jeki ili uzito usambae, na unahakikisha ubao haujakaa juu ya bolti ya oili wala ekzosi.

Cha pili jiulize ni kazi gani hasa unafanya nyumbani. Hapa nitasema kitu ambacho wauza vifaa hawatakwambia: kama una pikipiki ya aina ya boda na kazi zako ni kupaka cheni oili, kuirekebisha, kubadilisha tairi la nyuma na breki za nyuma, tayari una kifaa cha kuinulia, ni ile stendi kubwa iliyokuja na pikipiki. Ile imetengenezwa na watu waliojua uzito wa pikipiki hiyo uko wapi, inashika kwenye fremu, na pikipiki inasimama kwa sehemu tatu, miguu miwili ya stendi na tairi la mbele, na miguu ikishapita katikati, uzito wa pikipiki wenyewe ndo unaifunga isirudi. Wengi wanaing'oa eti inagonga kwenye matuta, mimi siikubali hiyo hata kidogo, ukiing'oa umetupa kifaa bora kuliko vingi vya dukani. Angalia tu springi zake na ile bolti inayoishikilia kama haijalika. Ukiwa nayo unachokosa ni kuinua mbele tu, na hapo jeki ndogo ya mkasi yenye bamba pana au gogo lililokatwa kwa kipimo linatosha, kwa sababu stendi ndo inabeba kazi kubwa na jeki inasaidia tu pua isishuke. Kreti la soda ambalo tunaliona kila kijiwe cha mafundi linafanya kazi hiyohiyo, shida yake ni plastiki, likiwa limepigwa jua miaka linapasuka bila taarifa.

(Na wakati uko hapohapo kwenye cheni: zungusha tairi kwa mkono, gia ikiwa nyutro. Usiwashe injini ukatia gia moja ili cheni ijizungushe wakati unaifuta na kitambaa. Kitambaa kikiingia kati ya cheni na sproketi, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, kinavuta na vidole, na hakuna mkono wenye kasi ya kuchomoka hapo. Watu wamepoteza vidole hivi.)

Pikipiki zisizo na stendi kubwa, hasa zile za spoti na nyingi za kichina za muundo wa spoti, zinataka stendi ya padoki, ile ya mabomba inayotumika kwenye mashindano. Inashika ule mkono wa nyuma unaobeba tairi, swingamu, kwa vishikio viwili vya mviringo vinavyofungwa kwenye matundu yenye nyuzi za bolti, au kama matundu hayapo basi kwa vikombe vya mpira vyenye umbo la L vinavyokaa chini ya swingamu. Kabla ya kununua vishikio pima tundu, kuna za M6, M8 na M10 (namba ni unene wa bolti kwa milimita), ukinunua isiyo yake utaharibu nyuzi za alumini. Stendi hii ni rahisi, nyepesi, unaitundika ukutani, na mchomeleaji mzuri wa Gerezani, Dar, au Kamukunji, Nairobi, anaweza kukutengenezea ukimpelekea vipimo kamili vya upana wa swingamu na urefu kutoka chini. Umwambie miguu iwe mipana, na sehemu za kushikia ziwe na mpira. Lakini kama unataka kutoa swingamu yenyewe au shokapu la nyuma, padoki haikufai, maana huwezi kutoa kitu ambacho ndo kinabeba pikipiki.

Ya mbele ziko mbili na zinachanganywa sana. Moja inainua chini ya shokapu za mbele, ni ya bei nafuu na inatosha kwa tairi na breki. Nyingine ina pini inayoingia kwenye tundu chini ya shingo ya usukani, na hii ndo inakuruhusu kutoa shokapu zote mbili kubadilisha oilsili, zile sili zinazozuia oili ya shokapu isivuje. Kama nia yako ni oilsili nunua hiyo ya pili tangu mwanzo. Na daima inua nyuma kwanza ndo uinue mbele, ukianza na mbele pikipiki inabaki inategemea tairi la nyuma lisiloshikiliwa na kitu.

Kwa wenye pikipiki nzito mambo yanabadilika. BMW R 1250 GS ina kilo 249, na zile kubwa za safari kama Honda Gold Wing zinapita kilo 350. Hizo nyingi wanatumia jeki ya haidroliki ya pikipiki, yaani inayoinua kwa msukumo wa oili, pana, yenye mikono miwili mirefu inayoingia chini ya fremu, unakanyaga pedali inapanda. Ni nzuri sana kama fremu ya chini ni bapa, na ni mbaya kama chini kuna ekzosi na kava zimezagaa. Kabla hujalipa angalia urefu wake ikiwa imeshushwa kabisa. Hii ndo inawaponza watu wenye pikipiki zilizo chini, wanafika nyumbani jeki haiingii, inabidi wapandishe matairi kwenye mbao kwanza, na kazi ya kuipandisha pikipiki kwenye mbao peke yako ndo ileile hatari uliyokuwa unaikimbia.

Halafu kuna meza ya kuinulia, pikipiki inapanda nzima na matairi yake, zile za kawaida zinabeba kilo 450 hivi na zinafika juu kama meza ya jikoni. Kwa mgongo hakuna kitu kinachofanana nayo. Fundi anayefanya kazi siku nzima ningemshauri aanze kuweka akiba leo. Ila kwa nyumbani fikiria, urefu wake ni zaidi ya mita 2, yenyewe tu ni mzigo wa kubebwa na watu wanne, inataka sakafu ya zege iliyonyooka, na za upepo zinataka kompresa. Ukishaileta haitoki.

Hapa tuongee kidogo kuhusu haidroliki maana wengi wanaiamini kupita kiasi. Kanuni yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal karne ya 17, kwamba ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, msukumo unasambaa sawa kila upande, na mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akapata hataza ya mashine ya kukandamizia inayotumia kanuni hiyo. Pistoni ndogo ya sentimita 1 ya mraba ukiisukuma kwa kilo 10, pistoni kubwa ya sentimita 20 za mraba inainua kilo 200. Unalipa kwa umbali, ndo maana unapampu sana inapanda kidogo. Lakini ona sasa kinachoshikilia zile kilo 200 ni oili, na kinachoshikilia oili ni sili ya mpira. Sili ikichoka, ukaacha pikipiki juu jioni, asubuhi unaikuta imeshuka, na haishuki sawa. Kwa hiyo jeki au meza yoyote unayonunua lazima iwe na kufuli la chuma, pini au meno, ambalo ukishafika juu unalifunga na uzito unahamia kwenye chuma. Dukani mwambie muuzaji akuoneshe kufuli linavyofunga. Kama halipo, achana nayo hata kama bei ni nusu.

Na hata ukiwa na kifaa kizuri kuna kitu kinabadilika ukianza kufungua vitu. Pikipiki uliyoiweka sawasawa kabisa, ukitoa tairi la nyuma uzito unahamia mbele na pua inaanza kushuka, ukitoa injini ndo kabisa. Kwa hiyo kabla hujatoa kitu kizito funga mikanda miwili ya kukaza, kushoto na kulia, au weka gogo upande utakaobaki mzito. Breki ya mbele ifunge kwa mpira, ile mipira ya tyubu tunayofungia mizigo, zungusha levya na hendeli pamoja mpaka tairi lisitembee.

Kushusha ndo usifanye haraka. Valvu ya jeki ifungue kidogo kidogo, robo ya mzunguko, mkono mmoja ukiwa kwenye pikipiki, stendi ya pembeni uwe umeshaifungua kabla matairi hayajagusa chini, na kama kuna mtu jirani mwite asimame upande wa pili.